Nani Atapanda Juu ya Nyumba Yetu

Kabla sijafika mbali niseme wazi, maana watu wa mikoa mingine wakilisikia jambo hili katikati ya mazungumzo hushtuka: mimi ni mwanamke, na nina mke. Msinitolee macho. Sisi Wakurya tunaita nyumba ntobhu. Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, mume wake akishafariki na binti zake wakishaolewa, anaona boma linataka kufa akiwa analitazama. Basi anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto watakaozaliwa na msichana huyo ni wa boma lile. Wanarithi ardhi, wanarithi jina. Aliyetoa ng'ombe ndiye mume. Mimi na mke wangu tunalala vyumba tofauti, tunagombania chumvi jikoni kama mama mkwe na mkwewe yeyote, naye ananiita mama. Lakini kwa mila, mume wa nyumba ile ni mimi.

Nilikuwa bado nafundisha shule ya msingi nilipooa. Walimu wenzangu walinicheka ofisini mpaka chai ikawapalia. Mchungaji akawa ananitazama kwa jicho la pembeni kila nikisimama kuimba. Nikawaambia, chekeni wee, mtachoka. Boma letu liko pembezoni mwa Turwa, pale nyumba za mji zinapoishia na mahindi yanapoanza, na sikuwa tayari kuona marehemu amelima shamba lile maisha yake yote halafu ligeuke vichaka.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Ndiye aliyeswaga ng'ombe wa mahari, ndiye aliyesimama mbele ya wazee akanionyesha kwa fimbo yake akasema, "Huyu ndiye mume. Atakayekuja na maneno mengine, aje kwangu." Shemeji ana sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde, kwa hiyo hakuna aliyesema hakusikia. Alichokuwa anakisubiri ni mvulana. Sote tulikuwa tunamsubiri mvulana, tusidanganyane.

Akaja msichana. Na baada yake Mungu akafunga mlango, hakuja mwingine.

Shemeji alipoletewa habari alikohoa, akauliza kama mtoto ana afya. Akaambiwa anayo. Akasema, "Basi paa nitaendelea kulitengeneza mimi." Wengine walidhani amezungumza jambo lingine kwa aibu. Mimi nilimwelewa. Kwetu kupanda juu ya nyumba ni kazi ya mwanamume wa boma. Kuta tunakandika wanawake, sakafu tunapiga wanawake, lakini paa hatulisogelei. Wazee wanasema mwanamke akipanda juu ya nyumba amemkalia mume wake kichwani. Na kweli, tangu marehemu afariki, upepo ukinyanyua bati shemeji huja na nyundo yake na misumari mdomoni, anapanda, anagonga, anashuka, anakunywa uji, anaondoka bila kusubiri asante.

Yule msichana nilimlea kwa chaki. Mama yake alikuwa akidamka kwenda Sirari mpakani kuuza ndizi na kurudi na vitu vya upande wa pili, mimi niliyekuwa nimeshastaafu nabaki naye. Mlango wa ghala ulikuwa ubao wetu. Kabla hajaanza darasa la kwanza alishajua kusoma gunia la mbolea lote, pamoja na onyo. Asubuhi nilimsimamisha uani analitazama jua, mikono ameinyoosha, anaimba kama nilivyowaimbisha watoto wa watu miaka yote: mbele yangu mashariki, nyuma yangu magharibi, kushoto kaskazini, kulia kusini. Kuku wakimpita miguuni. Nilimpenda mtoto yule mpaka nikawa naogopa kulisema kwa sauti.

Na nilishampangia. Atakuwa daktari. Nilikuwa nimeshamwona akilini, koti jeupe, anapita wodini, watu wanasimama. Mwalimu wa darasa la tatu mwenye mjukuu daktari! Ningekwenda kanisani nikaketi benchi la mbele.

Akafaulu, akaingia sekondari. Mwaka ule shule yao ilikuwa imeanza mkondo wa amali, kwamba mtoto anasoma masomo ya darasani na wakati huohuo anajifunza ufundi, anatoka na vyote viwili. Waliobaki kwenye mkondo wa jumla walikuwa wanaendelea na fizikia na historia kama tulivyozoea. Akarudi nyumbani akavua viatu, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Bibi, nimechagua umeme."

"Umeme gani?"

"Ufundi umeme. Wa majumbani, na sola."

Nilidhani ananitania. Nikacheka. Hakucheka. Basi hapo nikawaka, na mimi nikiwaka sina breki. Nikamwambia sikumfundisha kusoma mbolea ili akashike waya. Nikamwambia fundi umeme ni mtu anayekuja nyumbani kwako na bisibisi mfukoni, anakuomba maji ya kunywa. Nikamwambia mengine ambayo hayakuwa na mpangilio. Yeye akawa ananitazama tu, kichwa kimeinama upande mmoja, kama anasubiri mvua ipite.

Mama yake akarudi kutoka Sirari jioni, akakuta bado nanguruma. Huyo naye Kiswahili chake kimeshachanganyika na cha Isebania, upande wa Kenya. Akatua kikapu, akasema, "Mama, si uwache mtoto. Huko ng'ambo hiyo ni kitu ya kawaida. Wasichana wanafunga stima na hakuna mtu anashangaa."

"Hapa si ng'ambo," nikamjibu. "Na mume wa nyumba hii ni nani?"

"Ni wewe, mama," akasema, akaingia ndani akicheka. Neno hilo nalitumia ninapoishiwa hoja, naye anajua.

Kesho yake nikavaa gauni la mikutano, nikaenda shuleni kumhamisha.

Mwalimu wa umeme alikuwa kijana, mtu wa upande wa Natta. Kabla ya ualimu alikuwa akifunga sola kwenye kambi za watalii huko porini. Akanipa shikamoo kwa heshima zote, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kipindi kinaanza, je, nitakubali kukaa nyuma kidogo ndipo tuzungumze? Nikakaa. Mwalimu hakatai kuingia darasani, ni ugonjwa wetu.

Walikuwa wamepewa ubao wenye taa, swichi na nyaya, wafunge taa iwake. Mjukuu wangu akafunga ya kwake, akabonyeza swichi, giza. Mwalimu akapita, akatazama, akaenda zake. Ebo! Mkono ukaniwasha nisimame nimwambie mtoto jibu, na jibu lenyewe silijui. Darasani kwangu ukikosea nilikwambia kaa chini, nikamnyooshea kidole mwingine. Yule kijana hakusema kaa chini wala simama. Alimwacha na kosa lake.

Na yeye, badala ya kulia, akaanza kurudi nyuma. Alishika waya mmoja, akaufuata kwa kidole mpaka mwisho. Akashika mwingine. Ulimi umechomoza pembeni ya mdomo, vilevile kama alipokuwa akijifunza kuandika herufi e kwenye mlango wa ghala. Akafika mahali akasema "aa!" kimyakimya, akakaza skrubu, akabonyeza. Ikawaka. Akageuka kunitafuta kwa macho, na ule uso siwezi kuueleza. Najua tu kwamba nilipiga makofi peke yangu, darasa zima likanigeukia, nikajifanya naua mbu.

Baada ya kipindi nikamuuliza yule mwalimu kwa ukali, maana nilikuwa nimeaibika, "Haya, na akimaliza atapata kazi gani?"

Akafikiri. "Mwalimu, sijui kwa hakika. Kazi zenyewe zinabadilika. Hizi kontrola za kuongoza chaji ya betri tunazofunga leo, akifika kidato cha nne zitakuwa zimeshabadilika. Ninachotaka ajue ni kwamba kitu kisipowaka anaanzia wapi."

Niliondoka pale bila kumhamisha, nikijiambia nampa muda tu. Njiani nikawa nawaza wale niliowafundisha. Nikienda Sirari kumfuata mke wangu huwa nawakuta: mmoja anabadilisha fedha, mwingine ni wakala wa mizigo ya malori, wengine wana vyeti vikubwa kuliko vyangu na wamekaa kwenye pikipiki wanasubiri abiria. Wote wananipa shikamoo, wote wanakumbuka mbele yangu mashariki. Niliwafundisha kwa moyo wangu wote, kwa dunia niliyokuwa naijua. Ile dunia haikutoa taarifa kwamba inahama. Nani angenipa mimi taarifa, nikiwa Turwa na sanduku la chaki?

Lakini koti jeupe sikulitupa bado. Moyo wa mtu mzima haugeuki kama chapati.

Alipoingia kidato cha pili wakapewa kazi ya mradi. Kila mwanafunzi wa umeme afunge kitu nyumbani kwao kwa mikono yake mwenyewe, mwalimu atapita kukagua na kutoa alama. Mjukuu wangu akasema atafunga taa nyumba nzima, kwa sola. Mama yake, ambaye kumbe walishapanga siku nyingi, akaja na sola, betri na kontrola kutoka Sirari, amevifunga ndani ya kanga kama mtoto mchanga.

Jumamosi nzima mtoto hakugusa waya hata mmoja. Alikaa uani anaokota kokoto. Mbele ya nyumba yetu, upande wa barabara, upo mparachichi mkubwa alioupanda marehemu. Yeye akawa anatazama kivuli chake kinavyosogea, kinapanda bati, kinashuka, na kila kikisogea anaweka kokoto chini. Mara anasimama analitazama jua, ananyoosha mikono, midomo inacheza. Nikajua anaimba ule wimbo. Ukubwa wote ule! Nikaingia jikoni kupepeta mtama ambao ulishapepetwa.

Jioni akaja na hesabu yake. "Bibi, upande wa barabara hapana. Mparachichi unakula jua karibu siku nzima. Upande wa zizi ndio wenye jua tangu asubuhi."

"Sasa nani atapanda?" nikauliza.

"Mimi. Ndiyo mtihani wenyewe."

Habari hazina miguu lakini zinafika. Kesho yake tukitoka kanisani tukamkuta shemeji uani, na nyundo. "Nasikia mna kitu cha kupandisha juu," akasema. Nikamweleza mambo ya mradi na alama. Akatikisa kichwa taratibu, hana hasira, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba moto unaunguza. "Mwalimu, mimi shule sina ugomvi nayo. Afunge taa ndani, afunge swichi, afunge apendavyo. Lakini juu ya nyumba ya kaka yangu msichana hapandi nikiwa hai. Mimi nipo kwa ajili hiyo."

Akapanda mwenyewe. Mtoto akamweleza habari za zizi na kivuli, kwa adabu, akamwonyesha na kokoto. Shemeji akasimama juu ya ngazi anacheka mpaka misumari ikataka kumtoka mdomoni. "Wee! Kitu cha thamani namna hii nikifiche nyuma, ng'ombe ndio wakione? Nyumba hii watu walisema itakufa. Waache wapite barabarani waone!" Akaigonga sola upande wa barabara, ikang'aa kweli, chini ya mparachichi. Akashuka, akaitazama mpaka akaridhika, akanywa uji wake, akaenda.

Jamani, alifanya kwa upendo. Hilo ndilo lililotufunga midomo. Ukigombana na mtu mbaya ni rahisi.

Taa mtoto alizifunga vizuri ndani, zikawaka, tukashangilia. Hatukumaliza kula ugali zikaanza kufifia, zikawa nyekundu, zikazima. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Na iliyofuata. Mke wangu akarudisha koroboi mezani.

Mwalimu alikuwa aje Ijumaa asubuhi. Alhamisi, alipotoka shule, mtoto alikwenda akakaa kwenye kizingiti cha ghala, mgongo kwenye ule mlango wetu. Nikamfuata. Nilitegemea atalia nimbembeleze. Hakulia.

"Bibi," akasema, "nihamishe."

"Nikuhamishe wapi?"

"Mkondo wa jumla. Ulikuwa unataka. Mwambie mwalimu wa zamu utakuja Jumatatu."

"Kwa ajili ya sola tu? Mwalimu tutamweleza, ni mtu mwelewa."

"Tutamweleza nini? Kazi ya fundi sola iko juu ya nyumba." Akavuta pumzi. "Kama siwezi kupanda nyumba yetu, bibi, nitapanda ya nani?"

Alikuwa anauliza kweli, anataka jibu, kama alivyokuwa akiniuliza zamani kwa nini mwezi unatufuata. Nikakaa pale kando yake. Kile nilichokuwa nakitaka kilikuwa kimeletwa miguuni kwangu, koti jeupe na benchi la mbele, na sikufurahi hata chembe. Nilichokuwa nakiona ni ule uso wa darasani ulivyogeuka kunitafuta taa ilipowaka. Nilijua nikimhamisha nitampata daktari labda, au nisimpate, lakini ule uso sitauona tena. Ataniitikia ndiyo bibi, sawa bibi, na ataacha kurudi nyuma kufuata waya. Roho iliniuma, tena mahali ambapo sikujua kama pana roho.

"Kaoge," nikamwambia. "Jumatatu iko mbali."

Ijumaa nilidamka nikiwa nimekasirika, na nikikasirika asubuhi ujue akili imetulia. Nikaitoa ngazi ya miti nyuma ya zizi, nikaiburuta mwenyewe mpaka mbele. Mke wangu akatoka na mswaki mdomoni. "Mama, unafanya nini?" Nikamwambia ashike upande wa pili. Akashika. Huyo mwanamke ana maneno mengi, lakini anajua siku ya kunyamaza.

Mtoto akatoka amevaa sare tayari. Nikamwambia avae suruali ya michezo. Akanitazama, akatazama ngazi, akarudi ndani mbio.

Alipokuwa ameshika kipago cha kwanza ndipo tukasikia ile sauti ya ng'ambo ya bonde. "Mwalimu! Mwalimu! Subiri!"

Shemeji alikuja anatembea upesi kuliko umri wake, fimbo mkononi. Alikuwa anapeleka ng'ombe majini, akaona ngazi. Akasimama katikati ya uwanja anahema. Mtoto akashusha mguu.

"Shikamoo babu," akasema.

"Marahaba." Akanigeukia mimi. "Shemeji, jambo hili umelifikiria? Mimi nimezeeka, lakini bado napanda. Ungeniita."

"Ulipanda, shemeji, na tunakushukuru. Taa zinazima kabla ya kumaliza kula."

"Basi tukate matawi ya mparachichi."

"Mti wa kaka yako?"

Akauinulia macho mparachichi. Halafu akasema taratibu, karibu kwa kunibembeleza, "Unajua wazee wanavyosema. Mwanamke akipanda juu ya nyumba, amemkalia mume kichwani. Si mimi niliyetunga."

"Najua si wewe," nikasema. "Nakuuliza swali dogo tu. Mume wa nyumba hii ni nani?"

Mke wangu aliacha kusugua meno.

"Ng'ombe aliwaswaga nani?" nikaendelea, na sauti sasa ilikuwa imeshapanda, majirani wasikie kama wanataka. "Nani alisimama mbele ya wazee akaninyooshea fimbo hiihii? Ulisema huyu ndiye mume, na atakayekuja na maneno mengine aje kwako. Mimi nimekuja kwako. Kama kuna kichwa kitakaliwa leo, shemeji, ni hiki." Nikavua kilemba, nikaonyesha mvi zangu zote. "Mwenye kichwa amekubali. Mwenye kichwa ndiye anayeshika ngazi. Panda, mwanangu."

Mtoto hakupanda. Alikuwa anamtazama babu yake. Na mimi nilikuwa namtazama, kwa sababu shemeji angesema neno moja tu, asingepanda. Si kwa woga. Anampenda. Babu yule ndiye aliyemfundisha kupiga mluzi.

Shemeji akaiangalia fimbo yake. Akaangalia mvi zangu. Halafu akageuka, akatugeuzia mgongo wake wote, akaenda akasimama kwenye ukingo wa uwanja anatazama barabarani, kama mtu anayesubiri gari.

"Mimi nimetazama huku," akasema. "Sioni kitu."

Nikamgusa mtoto bega. Akapanda.

Nilishika ile ngazi mpaka vidole vikafa ganzi. Bati likalia chini ya miguu yake, kile kilio ambacho maisha yangu yote nimekisikia nikiwa ndani, juu yupo mwanamume. Safari hii nilikuwa nje, natazama, juu yuko mtoto wangu na nyundo na bisibisi kiunoni. Akang'oa misumari ya babu yake mmoja mmoja, akaivua sola, akaibeba kifuani. Sasa ilibidi avuke kilele cha nyumba kwenda upande wa zizi. Akasimama, akasita.

Ndipo shemeji akasema, bado ametazama barabara, na sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo:

"Mwalimu, mwambie asikanyage katikati ya bati. Akanyage penye misumari, ndipo penye mbao."

Sikuhitaji kumwambia, alikuwa amesikia. "Nimesikia, babu."

"Mwambie bati la pili kutoka kwenye kilele limeoza pembeni. Nilitaka kulibadilisha mwaka huu."

"Nimeliona, babu."

"Mwambie akishavuka, mkono wa kushoto kuna boriti nene. Hiyo nilimwekea kaka yangu, tulikata wote mti wake. Agonge hapo. Haitatikisika."

Basi akamwelekeza paa zima hivyo, kwa kichwa, bati kwa bati, mgongo ametugeuzia sisi na macho barabarani. Miaka yote aliyopanda peke yake na misumari mdomoni, alikuwa hana wa kumwambia. Mke wangu alikuwa anafuta machozi kwa mkono wenye mswaki, amejipaka povu uso mzima. Mimi sikulia, nilikuwa nimeshika ngazi.

Tukasikia nyundo upande wa zizi. Tukasikia kimya. Halafu ule mluzi aliofundishwa na babu yake, mrefu, wa kuita ng'ombe.

Mwalimu wa umeme akafika na pikipiki wakati mtoto bado yuko juu, anafunga waya wa mwisho. Akanipa shikamoo, akampa na shemeji, akazunguka nyumba mara moja anatazama. Upande wa zizi jua lilikuwa limejaa sola yote, hakuna kivuli hata cha jani. Akatoa kalamu.

"Nani amepanda kuifunga pale?" akauliza. "Maana sheria ya mradi, apande mwanafunzi mwenyewe."

Nikafungua mdomo nijibu, shemeji akaniwahi. Kwa mara ya kwanza tangu mtoto apande, aligeuka. Akainua ile fimbo, akaielekeza juu ya bati, kwa msichana aliyekuwa amesimama pale na nyundo mkononi, kama siku ile alivyoninyooshea mimi mbele ya wazee.

"Mwenye boma," akasema. "Amepanda mwenye boma mwenyewe."

Halafu akaenda kuwatafuta ng'ombe wake, maana walikuwa wameshaingia kwenye mahindi ya watu.